Miwani Iliyosahauliwa Nyumbani

Nasema mapema, asije mtu akasema nimeficha: huyu Fundi nlimpenda, na mpaka leo nnamkasirikia. Kwa mkono wake, na kwa ulimi wangu mimi, binti mmoja wa Mpendae hataisikia tena sauti ya babake, na hilo halina dawa. Kwao Fundi ni wapi, mjukuu wa nani, aliingiaje katika kazi ya kufungua mashine za watu, hayo wanayajua wengine. Mimi nnamjua kuanzia kizingiti cha duka lake, Kiponda, duka la mlango mmoja lililojaa televisheni zilizovuliwa migongo mpaka pa kukaa hapana. Sote tukimwita Fundi, hata mkewe. Jina lake nlilisikia siku moja tu, tarishi wa posta analiita pale mlangoni, nikadhani anamtafuta mtu mwengine.

Alikuwa na namna yake ya kuipokea mashine. Hafungui kitu kwanza. Anaiwekea sikio, anafumba macho, anaigonga mara tatu kwa kifundo cha kidole, halafu anakuuliza, "Tangu lini?" Ukianza kumweleza kwa nini imeharibika, anakukata hapo hapo. "Sikukuuliza kwa nini. Kwa nini ni yangu mie. Wewe nambie tangu lini." Ukishamwambia, anakupa mgongo. Hakupenda kutazamwa akifanya kazi, na ukichungulia anafunika chombo kwa kitambaa kama mtu anayefunika chakula.

Parafujo ndiyo ilikuwa mzaha wetu. Chombo kikiingia kwake na parafujo nane kikitoka na tano, na zile tatu zinakwenda kwenye mkebe wa maziwa uliokuwa chini ya meza. Ukimuuliza anakwambia wazungu wana wasiwasi, wanatia parafujo nyingi kuliko haja. Mkebe ulijaa, akaanza wa pili, na vyombo vikaendelea kufanya kazi, Mungu ndiye ajuaye vipi.

Wakati huo tulikaa Mkunazini, kabla hatujahamia Mpendae. Jirani yetu, tuliyemwita Bi Mkubwa, alimpelekea televisheni iliyokufa kabisa. Ikarudi hai: sauti safi, rangi safi, watu kichwa chini miguu juu. Fundi akaitazama kwa muda, akasema, "Picha imekuja, sauti imekuja. Lililobaki dogo." Akaaga akaondoka. Bi Mkubwa wa watu akaipindua televisheni juu chini, akaitandika kitambaa chake cha kudarizi pale palipokuwa tumboni mwake, na tukaitazama hivyo tangu Rajabu mpaka mfungo mosi. Fundi akipita uchochoroni na kuuliza, "Vipi, inaonesha?", anajibiwa, "Inaonesha, Fundi, Mungu akuweke." Sisi watoto tulicheka mpaka mbavu zikauma. Hakuna hata mmoja, mkubwa wala mdogo, aliyemwambia kwamba amezifunga nyaya kinyume.

Sasa niseme kwa nini nlimpenda. Baba alikuwa na redio ya mbao aliyoipenda kuliko sisi wanawe. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, nami nlikuwa darasa la tano. Nikaipangusa vumbi na hali nshakatazwa kuigusa, ikaniponyoka. Nikaifunga ndani ya kanga ya mama, nikakimbia nayo Kiponda huku nnalia. Fundi hakuuliza nani kaiangusha. Akauliza lile lile lake, "Tangu lini?"

"Sasa hivi."

"Na babako anarudi lini?"

"Magharibi."

Akawaacha watu wazima wangoje barazani, akashughulika na redio yangu, na kabla ya adhana ikasema. Ila ufa ulibaki ubavuni. Siku ya pili baba akauona, akanishika mkono tukaenda dukani. Fundi akamwambia mbele yangu, bila ya kupepesa jicho, "Mbao imekauka na joto hiyo, imepasuka yenyewe." Akanitupia jicho kidogo tu, akarudi kwenye kazi yake. Mie tangu siku hiyo nikawa mtu wake. Mtu aliyekusitiri ukiwa mtoto, utamwambiaje ukubwani "umekosea", tena mbele za watu?

Alikuwa mwema namna hiyo, na alikuwa mwongo vile vile. Kipaza sauti cha madrasa akikitengeneza bure, hata maji hanywi. Lakini redio ya mjane wa mtaani aliiweka miezi minane, kila akija anaambiwa kesho, na redio yenyewe ilishindikana tangu wiki ya kwanza. Sisi sote twalijua hilo. Fundi hakuweza kulitamka tu. Alikuwa akisema, "Fundi akisema sijui, afunge mlango." Na kweli, tangu nimjue sikupata kulisikia neno hilo kinywani mwake. Alikuwa na "inachoka", alikuwa na "umeme wa kwenu", alikuwa na "kesho". Mashine haifi, akisema, huchoka.

Na miwani, jamani! Mie miwani ya Fundi sikuiona kwa macho yangu. Kila kilichokuja na maandishi ya Kizungu, karatasi ya maelekezo au boksi, na baadaye vioo vya kompyuta, alikigeuza upande wako. "Hebu nisomee mwanangu, miwani nimeisahau nyumbani." Miaka ishirini miwani imesahauliwa nyumbani! Nikimtania, "Fundi, si uifunge kamba uivae shingoni," naye akicheka na kunambia nina mdomo. Baba alipofariki, Fundi alikuja kutusomea Yasini. Alishika msahafu mdogo, akasoma mwanzo mpaka mwisho, bila miwani. Nikasema moyoni, huyu kaihifadhi.

Basi yakaingia makompyuta, na Fundi, badala ya kufunga duka, akaondoa televisheni mbili mezani akaweka kompyuta. Watu wa umri wake walimshangaa. Mimi nlijivunia kwa ajili yake, kwa sababu na mimi kazi yangu ilikuwa imehamia huko huko. Nnapiga video za harusi, upande wa wanawake. Mpiga picha mwanamme hapiti mlango wa ndani, kwa hiyo yanayopita ndani nayajua mimi na kamera yangu. Kaka yangu aliyeko Maskati alikuwa amenletea laptopu ya gemu, pana kama sinia ya biriani, ina taa nyekundu chini ya herufi, kwa kuwa mashine za gemu zina nguvu ya picha na kukata na kuunga video kunataka nguvu hiyo. Na nisiseme uongo, nikishachoka kukata harusi nlikuwa nakimbiza magari ya gemu kidogo. Mama akipita ananambia, "Mtu mzima wewe."

Ndani ya hiyo laptopu ilikuwemo harusi ya Zuhura, jirani yetu wa Mpendae. Babake alikuwa hoi, miguu imevimba, lakini alikataa kumtuma mtu kwenda kumuuliza binti yake idhini. Wakamsaidia mpaka mlango wa chumba cha ndani, halafu akawaambia wamwachie, akaingia mwenyewe huku kashika ukuta. Akauliza, "Zuhura mwanangu, nikuozeshe?" Zuhura kimya, kajifunika gubigubi, analia. Kwetu mwari akinyamaza ndiyo amekubali, na mashangazi wakasema, "Basi mzee, kanyamaza, karidhika." Mzee akakataa. "Mie nnataka kuisikia sauti yake," akasema, "nende nayo." Akauliza mara ya pili, kimya. Mara ya tatu ndiyo Zuhura akasema, "Ndiyo, baba." Mzee akacheka, na mashangazi wakapiga vigelegele mpaka kamera ikanitetema mkononi. Hazikufika siku arubaini akafariki.

Kanda yenyewe nlikwisha kuitia kwenye kompyuta, na juu yake nikaipigia harusi nyengine. Tulifanya hivyo sote, kanda mpya zilikuwa adimu. Kwa hiyo mzee yule alikuwa mahali pamoja tu duniani. Zuhura akawa anapita kwangu kila wiki. "Dada, tayari?" Na mie nilimwambia nangoja niitie muziki mzuri. Laiti ningempa vile vile, mbichi!

Siku ya kwanza laptopu kunifanyia vituko nlikuwa kwenye mashindano ya magari. Kioo kikajaa michirizi ya kijani, picha ikaganda, sauti ikabaki inarudia neno moja, kisha kiza. Nikaiwasha, ikawaka. Kesho yake ikafanya vile vile nikiwa nnakata harusi ya Zuhura. Nikaichukua Kiponda.

Na hapa lazima nimtendee haki. Fundi alianza vizuri sana. "Tangu lini?" Nikamwambia. Akaiwekea sikio, akasikia feni inakoroma. Akaifungua, akavuta kutoka kwenye tundu za hewa nyuzi za rangi ya waridi. Zilikuwa za kitambaa cha mama! Maana nyumbani kwetu chombo cha maana hakiwekwi uchi: kitambaa cha kudarizi chini, na kengine juu. Ile mashine ilikuwa inapumua kwenye darizi mwaka mzima. Fundi akanigombeza hasa. "Umeivisha kilemba puani!" Akaisafisha, ikafanya kazi siku kumi, nikamsifu kila ninakokwenda.

Siku ya kumi na moja, michirizi. Akasema ni umeme wa kwetu, nikanunua stabilaiza. Michirizi. Akaiunga na televisheni yake kuona kama kioo ndicho kibovu, na michirizi ikatoka kule kule kwenye televisheni. Hilo lilikuwa jambo la akili, maana lilionesha kwamba kioo ni kizima na maradhi yako ndani. Laiti angesimama hapo akasema, sasa hapa nimefika mwisho. Kukatokea maandishi. Akanigeuzia mashine. "Hebu nisomee, miwani—"

"Umeisahau nyumbani. Inasema draiva ya kadi ya picha imeacha kujibu."

"Imeacha kujibu," akarudia, akatikisa kichwa kama anayemjua huyo draiva. "Njoo kesho."

Mie nikapitia Darajani, kwenye duka la intaneti, nikakaa saa nzima na Kiingereza changu cha kuungaunga. Nikawakuta watu wa nchi za mbali wana laptopu kama yangu, michirizi kama yangu, wanalia kama mie. Wakaambiwa: ni chipu ya picha, imeungua kwa joto, haitibiki kwa draiva wala kwa kuifuta na kuianza upya. Kabla hujafanya lolote, toa diski, hamisha vitu vyako. Nikayaandika yote kwenye karatasi kwa Kiswahili, nikaikunja, nikaifunga pindoni mwa mtandio.

Nlipofika kesho yake palikuwa na wanaume wawili wamekaa pale mlangoni wanangojea televisheni yao. Fundi alikuwa ameshaweka sidii yake ndani ya mashine. Akanambia, kwa ile sauti yake ya mbele za watu, "Hii imejaa uchafu wa maneno. Naisafisha yote, inaanza kama ilivyotoka kiwandani. Niisafishe?"

Nikashika pindo. Wale wanaume wakanitazama. Nikaona redio ya baba, nikaona ule ufa. Nikafungua fundo, nikalifunga tena.

"Niisafishe?" akauliza mara ya pili.

Nikanyamaza. Mmoja wa wale wanaume akacheka, akasema, "Kanyamaza, karidhika." Na Fundi akabonyeza.

Yaliyofuata mnayajua. Ikawaka imetakata, kioo kitupu, haina harusi hata moja. Fundi akafurahi, "Umeona? Mpya!" Nikamshukuru. Naam, nikamshukuru! Siku ya tatu michirizi ikarudi. Nlipomwambia kwa sauti ndogo kwamba na vitu vyangu vimekwenda, akanigeuzia mgongo, akachukua pasi yake ya kuyeyushia risasi. "Umeme wa Mpendae huo," akasema. Nikaichukua mashine yangu nikaitia kabatini. Nililia njia nzima, na sikujua nnamlilia nani zaidi.

Kwa Zuhura sikuwa na uso. Alipokuja nikamwambia, "Mashine iko kwa fundi." Nikadhani nitamwambia kweli wiki ijayo, akishapoa msiba. Akaja wiki ijayo. "Fundi kasemaje?" Nikasema, "Kesho." Ilikuwa rahisi hivyo. Miaka mitatu, wallahi, miaka mitatu! Alizaa, akamwachisha mtoto ziwa, na kila tukikutana kisimani au mlangoni kwangu, ananishika mkono. "Fundi kasemaje, dada?" Nami nshakuwa Fundi mwenyewe. Hawakosei waliosema mficha maradhi kilio humfichua, ila kilio chenyewe hukawia kufika.

Dukani Kiponda sikukanyaga tena. Nlisikia tu kwamba amepooza upande mmoja, na duka limekodishwa kwa anayewauzia wageni vinyago na vitambaa vya picha. Nikafurahi, nisifiche. Nikasema moyoni, na ikome mikono hiyo. Kisha nikaomba msamaha kwa Mungu, lakini nlikuwa nshasema.

Siku moja nlikuwa nnarudi kutoka Kendwa, kwenye harusi ya mfanyakazi wa hoteli, nimeshukia mjini, nikakatiza Kiponda kwa uvivu wa kuzunguka. Nikamkuta Fundi kakaa barazani mkabala na duka lililokuwa lake, fimbo baina ya magoti, mkono wa kulia unatetemeka wenyewe. Nlitaka kupita.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Wa redio wewe."

Nikasimama. Hakuniita wa laptopu. Akanionesha nafasi ubavuni pake kwa ncha ya fimbo, nikakaa, na tukawatazama wageni wanavyoinama kuingia katika mlango wake.

"Siku ile," akasema, "pindoni mwako mlikuwa na kitu."

Miaka yote nlidhani hakuona. "Karatasi," nikasema.

"Ikisemaje?"

Nikamwambia. Chipu imeungua. Usiifute. Toa diski kwanza. Na kwa vile nshaanza, nikamwambia na mengine, mzee aliyeshika ukuta, mara tatu, "nende nayo", yote. Hakunikatiza.

"Ungenisomea," akasema.

Hasira ikanipanda. "Miwani ulikuwa umeisahau nyumbani, Fundi?"

"Sijapata kuwa na miwani."

Hata sauti hakuipunguza. Akanambia Kizungu hakukijua tangu mwanzo. Vile vibao vya kubonyeza vya kompyuta alihifadhi mahali pake kwa macho, cha kushoto kinafanya hivi, cha kulia vile, na kile cha kusafisha yote ndicho alichokijua kwa uhakika kuliko vyengine, kwa hiyo kila lililomshinda aliishia hapo. "Nilikuuliza mara mbili," akasema. "Nikikutazama pindo lako. Nikasema, huyu atasema. Wewe una mdomo. Kwa nini ulinyamaza?"

"Adabu, Fundi."

"Adabu." Akalirudia kama lile la draiva. "Na ungeninyooshea hiyo karatasi mbele ya wale, mie ningekufukuza. Nambie kweli?"

"Kweli."

"Basi tumemuua mara ya pili yule mzee, mie na wewe." Akanigeukia. "Mwenyewe binti anajua?"

Nikatikisa kichwa. Hakunilaumu, hakuniusia. Aliuliza tu, "Tangu lini?"

Nikaondoka bila ya kuaga. Nlikwenda moja kwa moja mpaka Mpendae, na sikupita kwangu. Zuhura alikuwa uani anaanua nguo. Aliponiona akatabasamu, akauliza kabla sijakaa, "Fundi kasemaje?"

Nikamwambia. Nlisema lote, tangu kitambaa mpaka pindo, na siku niliyojua, na miaka mitatu ya kesho. Hakulia. Aliikunja kanzu ya mumewe iliyokuwa mkononi, akaikunjua, akaikunja tena.

"Kila usiku nlikuwa nikilala nasema, iko kwa fundi," akasema. "Dada, bora ungenyamaza."